Gurudumu la Kwenda Vigurungani

Shutu alipomwambia mamake kwamba mwezi ule atapata likizo, hakujua kuwa anajifunga kamba mwenyewe. Alitaka kumfurahisha tu. Alidhani mama atasema, vyema mwanangu, pumzika, kisha uniezekee jiko langu linalovuja. Lakini Bi Kanze, aliyekuwa amekaa kizingitini akichambua mchicha, aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwa ncha ya leso, akasema, "Basi utanipeleka Vigurungani kwa Sidi."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu nchi ipate uhuru. Shutu alifanya kazi kiwandani Ramisi, kwenye sukari. Kila asubuhi alitoka kwao Msambweni kwa baiskeli, na kila jioni alirudi nguo zikinuka shira. Vigurungani aliijua kwa kuisikia zaidi kuliko kwa kuifika. Ni bara huko, mbele ya Kinango, nchi ya mawe na miiba ambako Waduruma hufuga ng'ombe na kulima pale mvua inapowakumbuka. Bi Kanze alizaliwa huko. Alishuka pwani angali mwari, akaolewa na Mdigo wa Msambweni, akasilimu, akazaa, akafiwa na mumewe. Na muda wote huo mdogo wake wa pekee, Sidi, alibaki kulekule, akaolewa huko.

Ndugu hawa walipendana sana. Sidi alipojifungua binti alimpa jina la dadake, kukawa na Kanze mkubwa wa pwani na Kanze mdogo wa bara, kila mmoja somo wa mwenziwe. Kila baada ya mavuno yule mtoto aliletwa Msambweni kukaa na somo wake na kula samaki mpaka achoke. Shutu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli mchangani, akimshikia kiti kwa nyuma, naye akicheka na kuamuru asiachwe.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ya kabla ya uhuru, mvua iliyobeba madaraja na kuzikata njia zote za bara. Katika mvua ile Kanze mdogo alishikwa na homa, akafa. Habari ilipofika Msambweni maji yalikuwa yamekwisha kukauka na matanga yamekwisha kuondolewa. Bi Kanze alilia peke yake chumbani. Aliona haya kwenda kwenye msiba uliopita, akasema atangoja kidogo, na kule kungoja kidogo kukageuka miaka. Mtu aliyetumwa kupeleka salamu na leso alirudi na ile leso mkononi. Sidi hakutukana wala hakufoka. Alisema tu kwamba mtu hamziki somo wake kwa salamu.

Basi Shutu alielewa safari hii ni ya nini, wala hakuuliza. Alichojaribu ni kumwambia mama kwamba kuna basi hadi Kwale, na kutoka Kwale malori ya Kinango hayakosi. Alijua jibu kabla hajamaliza. Bi Kanze na gari havikupatana. Mara moja maishani alipanda basi kwenda Mombasa, na kabla ya kufika Likoni alikuwa ametapika mpaka akashushwa kwa kubebwa. Tangu siku hiyo hata harufu ya petroli ilimchafua moyo. Kwa miguu nako hakukuwezekana, maana goti lake la kushoto lilikuwa bovu.

"Mimi nilikubeba mgongoni," alisema, "na sikuwa na baiskeli."

Shutu akatoka kwenda kuitazama baiskeli.

Taabu ilikuwa baiskeli yenyewe. Fremu yake ilikuwa nzima, lakini ringi zake zilikuwa zimeliwa na magunia ya nazi na mihogo kwa miaka, na ile ya nyuma ilizunguka ikipepesuka kama mtu aliyetoka kunywa tembo. Kwenda nayo Ramisi na kurudi, mtu peke yake, iliwezekana. Kwenda nayo Vigurungani na mama nyuma ilikuwa kujitafutia balaa. Kwa hiyo asubuhi moja Shutu aliikokota mpaka kwa Kitheka, na mamake akafuata polepole na mwavuli wake, akisema kwamba kitu kitakachombeba yeye lazima akione.

Kitheka alikuwa Mkamba aliyekuja na mkewe kwenye makazi mapya ya Shimba Hills, akapata shamba juu kule, lakini siku nyingi za wiki alikuwa Msambweni katika kibanda chake cha makuti akitengeneza baiskeli. Alimwamkia Bi Kanze shikamoo kwa lafudhi yake ya Ukambani, akamtandikia gunia kwenye benchi, kisha akaigeuza baiskeli miguu juu na kulizungusha gurudumu la nyuma mara moja tu.

"Hii haiwezi fika," alisema. "Hata Kwale itafika ikilia."

Akaingia ndani, akatoka na ringi za aina tatu, tupu, bila spoki, akaziegemeza kwenye nguzo. Ya kwanza ilikuwa ya alumini, iliyotoka kwenye baiskeli ya Mzungu mmoja wa Diani aliyeuza vitu vyake akarudi kwao. Shutu aliinyanyua kwa kidole kimoja, akastaajabu. Ilikuwa nyepesi kama ungo. Ya pili ilikuwa mpya kabisa, chuma kilichong'arishwa mpaka mtu angeweza kujitazama meno. Ya tatu ilikuwa nyeusi, pana, nzito, imebanduka rangi, na ilitoka kwenye baiskeli iliyokuwa ikibeba mikate. Nyeusi hizo alikuwa nazo mbili.

Macho ya Shutu hayakutoka kwenye ile ya alumini. Alijiona akipanda kilima cha Kwale bila kuhema. Kitheka alimwacha aishike atosheke, kisha akaanza kueleza, si kama mtu anayebishana, bali kama mtu anayefikiri kwa sauti. Alumini ni nzuri kwa anayekwenda mbio peke yake kwenye barabara laini. Ikipigwa na jiwe mzigo ukiwa juu, haipindi, hupasuka, na ikipasuka ni basi. Ile inayong'aa ni chuma, lakini chuma chembamba. Akaichukua, akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kuizunguka, na mahali fulani ukucha ukakwama. "Hapa ndipo imeungwa," alisema, "na haikuungwa sana." Ile nyeusi aliipitishia ukucha vilevile, na haukukwama. Akachungulia ndani, penye tundu la kutilia pumzi, mahali ambapo kutu huanzia, akakwangua kwa bisibisi. Kulikuwa na kutu ya juu juu tu. Akailaza kwenye sakafu ya saruji na kuibonyeza huku na huku. Ililala bapa, haikuinuka upande. Mwisho akaining'iniza kwenye kidole na kuigonga kwa spana, nayo ikalia mlio mrefu.

"Lakini ni nzito," Shutu alisema.

"Ni nzito," Kitheka alikubali.

Kisha akasimulia jambo lililompata. Alipohama kutoka Kitui alikuja kwa baiskeli, na nyuma alifunga cherehani ya mkewe, cherehani ya kukanyaga, pamoja na miguu yake ya chuma. Ringi zake zilikuwa nzuri za kutazama. Katikati ya nyika, mbali na kila kitu, gurudumu la nyuma lilijikunja kama mkeka. Alikaa na ile cherehani kando ya njia, akaogopa kuiacha na akaogopa kukaa nayo, mpaka watu wa reli waliomwona wakamhurumia. Alisema siku ile ndiyo aliyoanza kuzipenda ringi mbaya.

Bi Kanze alikuwa ameyasikiliza yote hayo mikono juu ya mpini wa mwavuli. "Fundi," alisema, "mimi nakuuliza moja. Ikiharibika kule njiani, wewe hupo, ni ipi ambayo huyu mwanangu anaweza kuigonga kwa jiwe tukaendelea?"

Kitheka aliinuka. Aliichukua ile nyeusi, akampa aishike.

Nyuma, basi, ikaamuliwa nyeusi. Lakini mbele Shutu alikataa. Alisema mbele hakuna mzigo, kwa nini abebe uzito bure, na ile mpya inayong'aa itafaa. Kitheka akamwambia kwamba ingekuwa baiskeli yake yeye angeweka nyeusi mbili, ila mwenye baiskeli ndiye mwenye miguu. Ukweli ambao Shutu hakuutamka ni kwamba alikuwa amekwisha kuona haya. Kumpitisha mama sokoni nyuma ya baiskeli kama kuku wa kuuza, mbele ya vijana wa kiwandani, kulimtosha. Alitaka japo kitu kimoja kiwe kinametameta.

Kitheka alilifunga gurudumu la nyuma kwa spoki nene, arubaini, akizikaza kidogo kidogo, akizigusa moja moja kwa ncha ya spana na kusikiliza mlio, ile inayolia chini akaiongeza, ile inayolia juu akailegeza. Akavisha tairi pana. Akaongeza vyuma viwili chini ya keria na pa kuwekea miguu pande zote mbili, na Bi Kanze akashona mto wa gunia uliojazwa makumbi ya nazi. Kisha Kitheka akawaambia wazunguke mji siku nzima na kurudi kesho yake, kwa sababu gurudumu jipya halijui mzigo wake mpaka likae nao. Waliporudi alikuta spoki kadhaa zimelegea, kama alivyotarajia, akazikaza tena, na safari hii akaridhika.

Waliondoka kukicha, kwa bismillahi. Mama alikaa ubavu, mkono mmoja umeshika kiti cha mwanawe, mkono mwingine umeshika mwavuli, na begani amejitundika kikapu chenye ng'onda, papa waliokaushwa, na leso mpya mbili. Shutu aliinamisha kichwa walipopita sokoni. Lakini Bi Kanze hakukubali kupita kimya. Alimwamkia kila aliyemwona, akauliza hali za watoto, akajibu kila aliyeuliza waendako kwamba anapelekwa kwao na mwanawe. Wanawake waliacha kuuza, wakasimama kumtakia safari njema. Mmoja akamwambia Shutu kwamba mama yake mzaa chema. Walipoumaliza mji Shutu akagundua kwamba kichwa chake kimekwisha kuinuka.

Safari ilikwenda vizuri. Kwenye vilima Shutu alishuka akasukuma, na pale palipokuwa pakali sana mama naye alishuka, akachechemea akiwa amejishika kwenye keria. Gurudumu la nyuma lilikuwa zito kweli kupanda nalo, na mapaja ya Shutu yaliuma. Lakini liliposhuka lilishuka bila kutetereka, na mashimo yaliyokuwa yakimfikisha moyo kooni zamani sasa aliyasikia kwa mbali tu. Ndani ya msitu wa Shimba palikuwa na baridi nzuri. Katikati ya njia walikuta mavi ya ndovu, mabichi, na Bi Kanze akamwambia mwanawe kwa utulivu kwamba sasa ndio wakati wa kuonyesha nguvu zake za kiwandani.

Usiku wa kwanza walilala Shimba Hills, shambani kwa mke wa Kitheka, Mukonyo, aliyewapikia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe, na asubuhi akakataa kushukuriwa. Pale Kwale, nje ya afisi za serikali, mama alitaka wasimame. Alikuwa hajapata kuiona bendera mpya kwa karibu. Aliitazama ikipepea mpaka shingo ikamchoka, akauliza zile rangi ni za nini, na Shutu akamweleza alivyoelezwa yeye. Mama akasema ni nzuri. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo lilelile, kwamba Kanze mdogo angekuwa sasa ameolewa.

Kutoka hapo walishika njia ya bara. Walilala Kinango, na asubuhi iliyofuata waliingia njia ya Vigurungani, na kila walivyozidi kusonga ndivyo mama alivyozidi kunyamaza. Nchi ilibadilika. Minazi ilikuwa imeachwa nyuma zamani, ardhi ikawa nyekundu, miti ikawa mifupi yenye miiba, na mawe yakaanza kujitokeza njiani kama magoti ya watu waliolala. Mara mbili tairi la mbele lilichomwa na mwiba, mara mbili Shutu akakaa chini na gundi na viraka. Kila walipofika penye korongo la mto mkavu alimwomba mama ashuke, avuke kwa miguu, naye akavuka.

Korongo la mwisho lilikuwa dogo. Bi Kanze alikuwa amechoka, na goti lilikuwa limeanza kufura. Alisema, "Hili si korongo, hili ni mfereji. Nenda tu." Shutu naye alikuwa amechoka. Akaenda.

Chini ya mchanga palikuwa na jiwe. Gurudumu la mbele lilizama, likaligonga, na Shutu akasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Aliruka juu ya hendeli, akaangukia viganja. Alipogeuka, mama alikuwa amekaa kitako mchangani, miguu imenyooka mbele, mwavuli bado umefunguka juu ya kichwa chake.

"Umeumia, mayo?"

"Sijui bado," alisema mama. "Ngoja nijisikilize."

Hakuwa amevunjika popote, ila lile goti lilikataa kabisa kumwinua. Shutu alimbeba akamweka chini ya mgunga ulioinama ukingoni, penye kivuli chembamba, kisha akarudi kwenye baiskeli. Ringi inayong'aa ilikuwa imeachana palepale ilipoungwa. Ncha mbili za chuma zilitazamana kama midomo, tairi limetoka, spoki zimekaa ovyo kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Alijaribu kuzirudisha zile ncha kwa jiwe, zikapishana. Alijaribu kuzifunga kwa waya, waya ukakatika. Gurudumu la nyuma alilizungusha kwa hasira tu, na likazunguka, likazunguka, limenyooka kama sahani. Shutu akakaa karibu nalo, akajiona mjinga. Aliyakumbuka macho ya Kitheka alipokuwa akimwambia kuhusu nyeusi mbili. Mama hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Jua lilikuwa limepanda. Maji yaliyobaki yalikuwa ya kulowesha midomo. Walikaa hapo mpaka mbuzi wakaanza kuteremka korongoni, na nyuma yao mchungaji, mtu mzima mwenye rungu begani, aliyesema jina lake ni Ngala. Aliwaamkia kwa Kiduruma. Bi Kanze alipomtajia kwa Sidi, Ngala alielekeza rungu kwenye kilima kilichokuwa mbele yao. Ni pale tu, alisema, ukikivuka kile unaona paa. Kwa mtu mwenye miguu haikuwa mbali hata kidogo.

Shutu alitaka kumbeba mama mgongoni. Mama alikataa. Alisema mawe ni mengi, yeye ni mzito, na hakuja kumuua mtoto aliyebaki. Ikawa hapana njia ila Ngala aende kutoa habari. Akauliza aseme nini.

Bi Kanze alifikiri. Shutu aliona mikono yake ikikunja na kukunjua ncha ya leso. "Mwambie dadake yuko korongoni," alisema mwishowe. "Mwambie amekuja kwa somo wake. Usimwambie nimeanguka."

Ngala akaenda, mbuzi wakimfuata. Ndipo mama alipomwambia Shutu jambo alilolificha njia nzima: kwamba alikuwa amejipanga kufika mlangoni. Mtu akifika mlangoni, hata mwenye hasira humwambia kaa. Lakini kumwita mtu atoke nyumbani kwake avuke kilima aje kukutazama, hilo ni jingine. "Asipokuja," alisema, "sitamlaumu. Utanirudisha Kinango vyovyote utakavyoweza." Shutu alimsogezea mwavuli jua lisimpige. Alikuwa na hofu, wala si ya njia. Alikuwa hajapata kumwona mamake akimwogopa mtu.

Walingoja muda mrefu. Kivuli cha mgunga kilihama, Shutu akamhamisha mama nacho. Halafu juu ya kilima akatokea mwanamke mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye kibuyu kichwani. Hakukimbia wala hakukawia. Alitembea mwendo wa mtu anayekwenda kisimani, na alipofika ukingoni alisimama, akawatazama wote wawili, akaitazama na baiskeli.

"Shikamoo, mama mdogo," Shutu alisema, akisimama.

"Marahaba. Umekuwa mkubwa." Akakitua kibuyu, akampa yeye kwanza anywe. Kisha akapiga magoti mbele ya dadake, akakishika kibuyu kwa mikono miwili mpaka midomoni mwake, akamnywesha kama anyweshwavyo mgonjwa. Bi Kanze alikunywa akiwa amefumba macho. Alipomaliza, Sidi alimfuta kidevu kwa kiganja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Bi Kanze akamshika mkono. "Sidi, sikuja."

"Hukuja."

"Kwanza maji yaliizuia habari. Kisha aibu ikanizuia. Maji yalipungua, aibu haikupungua."

Sidi alikaa mchangani kando yake. Alikitazama kilima alichotoka. Alisema kwamba alikuwa akiitazama njia ile kila siku, wakati wa matanga na baada ya matanga, na hata maji yalipokauka aliendelea kuitazama, na kilichomkasirisha si kwamba dadake hakufika kwenye maziko. Hakuna aliyefika. Waliomzika mtoto walikuwa watu wa boma tu, ndani ya mvua. Kilichomkasirisha ni kwamba alikuwa na mambo ya kumweleza mtu, na mtu wa kumweleza alikuwa mmoja tu.

"Nieleze sasa," alisema Bi Kanze.

"Nitakueleza. Lakini si hapa kwenye jua."

Akasimama, akauliza baiskeli imepatwa na nini. Shutu alimwonyesha. Sidi alilitazama gurudumu la mbele bila huruma, akaligusa la nyuma kwa mguu, akauliza kama hili lingali zima. Shutu akasema ni zima. Alipokwisha kusema hivyo, ndipo wazo likamjia.

Alilifungua gurudumu la mbele, akalifunga juu ya fremu kwa kamba. Wakamketisha mama kwenye keria, juu ya mto wake wa makumbi, miguu yake kwenye vyuma. Shutu akaingia mbele, akaipa baiskeli mgongo, akauinua uma wa mbele kwa mikono yote miwili kama mtu anayevuta mkokoteni. Uzito wote wa Bi Kanze ukakaa juu ya ile ringi nyeusi. Kwa kuwa gurudumu ni moja, ilibidi mtu amshike asipinduke. Sidi alisimama ubavuni pake, akampitishia mkono kiunoni. Na Bi Kanze, hana pengine pa kushika, akamwekea mdogo wake mkono shingoni.

Wakapanda. Shutu aliuma meno, akatazama miguu yake na mawe yaliyo mbele yake. Gurudumu lilipanda jiwe, likashuka, likapanda jingine, tairi likilia kwenye changarawe. Kila lilipoegemea upande alisikia Sidi akivuta pumzi na kulirudisha. Kisha akasikia Sidi ameanza kueleza. Alieleza homa ilivyoanza, ya asubuhi kwanza, ikidhaniwa ni baridi tu. Alieleza mtoto alivyoomba apelekwe Msambweni, akisema kule kuna daktari, na kule kuna somo wake. Alieleza mto ulivyojaa kwenye korongo lile lile walilotoka, na mumewe alivyojaribu kuuvuka mara tatu na mtoto begani, na kurudi. Bi Kanze alikuwa akilia, polepole, bila kujificha, na baada ya kitambo Shutu akasikia kwamba wanaolia ni wawili. Hakugeuka. Alitamani kilima kisiishe haraka, ingawa mikono yake ilikuwa ikiwaka moto.

Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, limezungushiwa mawe meupe. Bi Kanze aliomba apelekwe huko kabla ya kuingia nyumbani, na walikaa hapo wenyewe mpaka vivuli vikarefuka. Waliporudi Sidi alikuwa amejifunga moja kati ya zile leso mpya.

Siku zilizofuata Shutu alilichukua gurudumu lililovunjika mpaka Samburu, penye stesheni ya reli, nusu kwa miguu na nusu kwenye lori la makaa, na dukani akazikataa ringi mbili nzuri kabla ya kuchukua ya tatu, nzito na mbaya. Aliifunga mwenyewe kwa spoki zilizonusurika na nyingine mpya, akizigusa moja moja na kuzisikiliza. Haikunyooka kama ya Kitheka, lakini ilizunguka bila kugusa breki. Likizo ilikuwa inakwisha. Alipomuuliza mama watoke lini, mama alisema yeye hatoki. Goti linahitaji kupumzika, na Sidi ana shamba la kusafisha kabla ya mvua. Akamwagiza awasalimu jirani wote, na aliezeke lile jiko.

Aliondoka asubuhi. Sidi alimsindikiza mpaka juu ya kilima, akamwombea dua kwa Kiduruma, akamwita mwanangu. Bila mama nyuma, baiskeli iliruka ruka njiani, na Shutu alilivuka korongo kwa miguu, akiisukuma. Karibu na Kinango alimkuta mama mmoja mzee amekaa kando ya njia na gunia la pojo, akingojea lori ambalo halikuja. Shutu alisimama. Alimwamkia, akamuuliza aendako, akalifunga gunia kwenye fremu, kisha akautandaza ule mto wa makumbi kwenye keria na kumwambia apande.